Maaso awo: mgongo wangu, woga wa watu, na ile tiba ya kuongea

Miaka mitatu nilikuwa napitisha steji yangu, kituo changu cha kushukia. Kwa wasiojua taksi zetu za Kampala, zile basi ndogo kama matatu au daladala, abiria akitaka kushuka anamwambia konda "maaso awo", ni Kiganda, yaani hapo mbele, maneno mawili tu ambayo ata mtoto wa P1, darasa la kwanza, anayasema. Mimi yalikuwa hayatoki. Nilikuwa nakaa pale nahesabu, sasa hivi, sasa hivi, koo linakauka, alafu nawaza nikisema tu watu kumi na tatu watageuka waone nikijivuta kutoka kiti cha nyuma nimeshika mgongo, wa pembeni atalazimika kukunja kiti na kushuka anipishe, ataguna, dereva ataangalia kwa kioo. Basi nanyamaza. Nasubiri mtu mwingine aseme nishuke nyuma yake, ata kama ni steji mbili mbele, alafu narudi kwa miguu kilomita nzima na huo huo mgongo ulioanzisha mambo yote.

Naandika hii kwa sababu nilipokuwa kwenye hali ile nilitafuta sana kitu cha kusoma kwa Kiswahili, lugha tunayoongea nyumbani, nikapata matangazo ya dawa za mitishamba tu.

Nimezaliwa Busia, mpakani pale pale, mji ambao boda boda ilianzia miaka ya 60 watu wakivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na marehemu baba alitusomesha kwa baiskeli hiyo. Kwa hiyo sina chuki na boda. Lakini 2017 nilikuwa nimekaa nyuma ya boda hapa Kampala na furushi la vitenge, mvua imetoka kunyesha, pikipiki ikateleza, nikaanguka nimekaa na furushi likanijia juu. Hakuna mfupa uliovunjika. Wiki ya sita nikarudi dukani, kila mtu akasema Mungu mkubwa. Mwezi wa sita bado mgongo unawaka. Mwaka wa pili bado.

Hospitali ya kwanza waliniambia picha iko safi, mama huna kitu, nenda ukapumzike. Hiyo "huna kitu" niliibeba moyoni kama tusi, maana nilichosikia mimi ni kwamba nadanganya. Hospitali nyingine, baada ya kuuza cherehani yangu ya pili nipate pesa ya MRI, daktari akainua picha kwenye mwanga akasema diski zako mbili za chini zimechakaa kama za bibi kizee, usiiname, usibebe, usipige magoti. Nikatoka pale natembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani, na nikatembea hivyo miaka.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia siku ile ni kwamba kuna uchambuzi ulitoka 2015, ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao mgongo hauwaumi kabisa, ukakuta kwa wale wa miaka 20 asilimia 37 tayari diski zimechakaa, na kwa wa miaka 80 ni asilimia 96. Hawaumwi! Diski kuchakaa ni kama mvi. Ningeambiwa hilo tu, dakika mbili, ningeokoa miaka. Bado linaniuma kuliandika.

Lakini ngoja niseme kuhusu magoti, kwa sababu hapo ndipo mgongo na aibu vilifunga ndoa. Mimi ni Msamia, nimeolewa na Muganda, na pande zote mbili mwanamke anasalimia wakubwa kwa kupiga magoti. Huwezi kueleza kwa mtu wa nje uzito wa jambo hili. Mama mkwe anaingia, wewe unashuka chini, ndiyo heshima, ndiyo malezi yako na ya mama yako aliyekuzaa. Sasa mimi kushuka naweza, kuinuka ndiyo shida, nilikuwa nashika meza, nashika mtoto, uso unakunjana, na mara moja kwenye matanga nilikwama nikainuliwa na wanawake wawili mbele ya ukoo mzima. Nikasikia mmoja nyuma anasema huyu ana miaka mingapi kwani. Tangu siku hiyo nikaanza kutoenda. Harusi, siendi. Kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya msichana kumtambulisha mchumba nyumbani, natuma bahasha. Kanisani nakaa mwisho karibu na mlango nitoke kabla ya watu kusalimiana. Kikundi chetu cha kuweka akiba sokoni, nilikuwa mweka hazina, nikaacha, nikasema ni biashara. Simu ikiita namba nisiyoijua naiangalia mpaka inyamaze.

Sikuwa hivyo zamani, au labda mbegu ilikuwepo, maana ata shuleni kusoma kwa sauti mbele ya darasa kulinitoa jasho. Ila mgongo ndio ulioupa ule woga sababu ya kukaa nyumbani na heshima yake. Nikisema naogopa watu watanishangaa. Nikisema mgongo, wananipa pole.

Alinielekeza fiziotherapisti mmoja, dada mpole, alinishika bega akasema misuli yako haijalegea ata dakika moja tangu uingie humu, wewe unaogopa nini? Nikalia. Akaniandikia niende kwa mtaalamu wa saikolojia. Nikaweka kile kikaratasi kwa Biblia miezi minne. Hapa kwetu ukisema saikolojia watu wanasikia Butabika, ile hospitali kubwa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa 1955, na jina lake mpaka leo watu wanalitumia kutukanana barabarani. Mimi niliona nimeumia mgongo, kwa nini napelekwa kwa watu wa kichwa? Ni kama wanakubaliana na yule wa kwanza, huna kitu.

Nilipoenda hatimaye, nilimuuliza hivyo hivyo yule mama wa saikolojia kabla sijakaa vizuri. Kwa hiyo yote haya yako kichwani mwangu? Hakukasirika. Akaniambia maumivu yako ni ya kweli, na maumivu ya kila mtu, awe amekatwa panga au anazaa, yanatengenezwa na ubongo, hakuna mengine. Akaeleza kwamba 1965 watu wawili, Melzack na Wall, walitoa nadharia kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, habari za maumivu zikipanda kwenda kwenye ubongo lango linaweza kufunguka zaidi au kufungwa kidogo, na ubongo wenyewe unatuma amri chini za kulifungua au kulifunga. Ndiyo maana ukigonga kidole unakisugua na kinapoa. Ndiyo maana askari anapigwa risasi anakimbia nusu maili bila kujua. Na woga, akasema, woga unafungua lango. Kidonda kinaweza kupona kabisa ila king'ora kikabaki kinalia, kimezoea kulia, sasa ata upepo unakiwasha, na maumivu yakishapita miezi 3, ambayo ndiyo tunayaita sugu, mara nyingi kazi inakuwa kwenye king'ora zaidi ya kwenye kidonda.

Sijui kama niliamini siku ile. Ila ilikuwa mara ya kwanza mtu kunieleza bila kuniita mwongo na bila kuniita mgonjwa wa kufa.

Alichofanya nami kwanza ni ile inaitwa CBT, tiba inayofanya kazi na mawazo na matendo kwa pamoja, ilianza Marekani miaka ya 60 na daktari Aaron Beck. Kwa watu wa maumivu inakuwa hivi: unaandika daftari, nini ulifanya, uliwaza nini, maumivu yalikuwa ngapi kwa kumi. Daftari langu lilitoa siri haraka sana. Siku nikiamka vizuri nafua nguo zote, napiga deki, naenda sokoni, alafu siku tatu nalala kama mzoga. Kila wiki hivyo hivyo. Tukaanza kugawa kazi kwa saa, sio kwa maumivu: dakika kumi na tano kufua, simu inalia, naacha ata kama najisikia naweza kumaliza beseni. Hilo la kuacha wakati unaweza ndilo gumu kuliko yote, watu wa nyumbani wanakuona mvivu. Baada ya wiki mbili dakika ishirini. Alafu kuinama, kitu nilichokatazwa na yule wa MRI, tukakianza na kijiko juu ya stuli, alafu kijiko sakafuni, alafu sufuria tupu, alafu sigiri, lile jiko la mkaa. Kabla ya kila kimoja naandika nadhani nini kitatokea. Niliandika "mgongo utakatika". Haukukatika. Uliuma, siku ya kwanza uliuma sana, lakini kuuma na kukatika ni vitu viwili na mimi nilikuwa sijawahi kuvitenganisha.

Sasa upande wa woga wa watu, hapa ndipo naomba unisome polepole. Kuna Waingereza wawili, Clark na Wells, 1995 walieleza kwa nini woga huu hauishi ata kama unakutana na watu kila siku. Mtu mwenye woga huu akiwa mbele za watu macho yake yanageuka ndani, hatazami watu tena, anajitazama yeye, anajiona kama picha kwenye ukuta, na picha yenyewe ni mbaya. Alafu anafanya vitu vya kujikinga, na kwa sababu alijikinga hapati kujua kwamba hakukuwa na hatari. Yule mama aliniomba nitaje vyangu. Nilidhani sina. Kushuka nyuma ya mtu mwingine. Kukaa karibu na mlango. Kushika simu nijifanye naongea. Kuvaa sweta juani kuficha mshipi wa mgongo. Kukaza tumbo na kiuno nikiinuka ili nisionekane naumia, na hiki, akaniambia, hiki ndicho kinakuumiza, unakaza mgongo wote kuficha mgongo. Nilinyamaza muda mrefu.

Alafu akanirekodi. Na simu yangu mwenyewe, nikiinuka kutoka kiti mara mbili, moja nikificha kama kawaida, nyingine bila kuficha. Kabla ya kutazama akaniuliza utaona nini, nikasema bibi wa miaka tisini, uso umekunjana, aibu tupu. Tukatazama. Mwanamke mnene kidogo, kitambaa cha kijani, anaweka mikono kwenye mapaja, anavuta pumzi, anainuka. Sekunde nne. Ile ya kuficha ndiyo ilikuwa ya ajabu, mtu amekakamaa kama ubao. Niliomba tuirudie. Ile video bado ninayo.

Kazi ya nyumbani ya wiki hiyo ilikuwa taksi. Niseme maaso awo kwenye steji yangu, kwa sauti ya kusikika, nisikaze kiuno, na macho niyatoe nje, nitazame watu kweli kweli alafu nihesabu wangapi wananitazama na kwa muda gani. Jumatatu nilishindwa nikapitiliza. Jumanne nilisema, ikatoka kama kikohozi, konda hakusikia, nikapitiliza. Jumatano nikasema. Konda akasema "awo" akagonga bodi, taksi ikasimama, yule kaka wa pembeni akakunja kiti, nikaweka mikono mapajani. Walionitazama: watatu. Mmoja mtoto. Mmoja mama aliyeniambia "mpola nnyabo", polepole mama. Wa tatu alitazama mfuko wangu wa maembe. Taksi ikaondoka, nikasimama pale kando ya barabara mbele ya duka la simu mlango wa nyumbani ukionekana, na nikalia kama mtu aliyepewa habari ya mtoto.

Kuna nyingine tulichanganya inaitwa ACT, kazi ya Steven Hayes wa Marekani tangu miaka ya 80, na hii haikuulizi maumivu yamepungua kiasi gani, inakuuliza ulitaka kuishi vipi na utafanya nini ata yakiwepo. Wana mfano wao maarufu wa basi, wewe ni dereva na maumivu na woga ni abiria wakorofi, wanapiga kelele pinda hapa rudi pale, na wewe muda wote umesimamisha gari unabishana nao au unawaendesha wanakotaka. Kwetu hiyo ni taksi tu, kila mtu anamjua abiria wa namna hiyo. Huwezi kumtupa nje. Unaendesha. Akaniambia niandike kile nilichokuwa nataka kabla ya boda kuanguka, na mimi, badala ya biashara na pesa, nikaandika: kumsalimia mama mkwe vizuri.

Kwa hiyo Pasaka nikaenda kijijini. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi moja wiki mbili. Mama mkwe akatoka jikoni, mimi nimesimama, miguu inatetemeka, nikasema maama, mgongo wangu hauniruhusu kupiga magoti na kuinuka vizuri, naomba nikusalimie nimekaa chini kabisa kwenye mkeka na nitainuka nikiwa tayari. Sikuangalia chini. Yeye akanitazama, akasema kwani miaka hii yote ndiyo hiyo? Mimi nilidhani hunipendi. Miaka mitatu yule mama aliamini mkwe wake anamdharau. Tulikaa kwenye mkeka mpaka chai ikapoa, akanionyesha goti lake mwenyewe lililovimba, analifunga na kitambaa cha leso chini ya gomesi, lile gauni refu la heshima, ili watu wasione.

Sitaki kumdanganya mtu. Tiba hizi haziondoi maumivu kama unavyozima taa. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia tafiti 75 zenye watu zaidi ya 9,000 wenye maumivu sugu, wakasema CBT inasaidia lakini kwa wastani msaada ni mdogo, kwenye maumivu yenyewe, kwenye uwezo wa kufanya kazi na kwenye mateso ya moyo. Mdogo, na wengine hawapati kabisa. Upande wa woga wa watu CBT ina nguvu zaidi, ndiyo Uingereza wanaipendekeza kwanza kabla ya vidonge. Na huko huko Uingereza mwongozo wa 2021, kwa maumivu sugu yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake, unapendekeza mazoezi ya mwili na CBT au ACT na unakataza madaktari kuanzisha mtu kwenye panadol na zile za jamii ya diclofenac. Mimi diclofenac nilikunywa miaka miwili mpaka tumbo likaharibika. Mgongo wangu ulikuwa saba kwa kumi, leo ni tano, siku mbaya saba tena. Ile ya kutulia na kufuata pumzi, aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn hospitalini Massachusetts 1979 kwa watu wa maumivu hawa hawa, kwangu haikushika, nalala usingizi. Rafiki yangu mmoja ndiyo inayomshikilia.

Pesa sasa. Mimi nililipa shilingi 70,000 za Uganda kila kikao, na kuna miezi nilienda mara moja. Najua wengi wenu mtafunga ukurasa hapo. Ila sikiliza, sisi Uganda ndio tuliowafundisha watu kwamba haihitaji daktari wa gharama kila mara. Masaka na Rakai, 2002, vijiji 30, kulikuwa na utafiti wa tiba ya kikundi kwa watu wenye huzuni nzito, matokeo yakachapishwa 2003, na walioongoza vikundi walikuwa watu wa hapo hapo wasio na kazi ya afya ya akili kabla, walifundishwa wiki mbili tu, watu wakakaa pamoja mara moja kwa wiki kwa wiki 16, na ikafanya kazi vizuri sana. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kabla ya kuanza waliwauliza wanavijiji ninyi hii mnaiitaje, wakapewa maneno ya Kiganda, okwekubaziga, kujihurumia, na yo'kwekyawa, kujichukia. Hiyo ya pili nilipoisoma nikaiweka simu chini. Sasa hivi vikundi vya namna hiyo vipo sehemu nyingi, uliza kituo cha afya kilicho karibu, uliza VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chenu.

Mimi niko kwenye kikundi cha Alhamisi jioni, tuko tisa, watano maumivu, wengine woga na huzuni. Ada ni elfu tano na chai imo. Mzee mmoja askari mstaafu, Kiswahili chake ni cha kambini, alikaa wiki saba hajasema neno, wiki ya nane akasema "mimi naogopa bafu ya watu", hakuna aliyecheka, na tukaelewa wote.

Jambo moja la hospitali kwanza: mgongo ukija na ganzi sehemu za siri, au mkojo au choo kukutoka bila kujua au kukataa kutoka, au miguu kupoteza nguvu, hiyo ni siku hiyo hiyo, usingoje. Na kama una homa au unakonda bila sababu, ukapimwe kabla ya kuambiwa na mtu yeyote, mimi nikiwemo, kwamba ni king'ora.

Mwezi wa kumi na mbili mtoto wa kaka yangu anafanya kwanjula. Upande wa mama yake ni Waganda na wameamua ifanywe kikwao, na mtoto amenipigia mwenyewe, ati shangazi wewe ndiye utakuwa ssenga, shangazi anayemsimamia bibi harusi, utatoka mbele ya wageni, utamtafuta bwana harusi kati ya wanaume waliokaa. Watu mia mbili, hema, kipaza sauti, na kupiga magoti ndiyo kazi yenyewe. Nilikaa na simu sikioni, moyo unadunda, mgongo ukaanza papo hapo kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikasema sawa. Jana nimeongea na yule mama wa saikolojia, tumeandika ngazi nane, ya kwanza ni kutembea kutoka jikoni hadi sebuleni na gomesi nimevaa, dada zangu wakiwa wamekaa wananitazama. Kuna stuli ya chini ambayo mama mkwe ameagiza fundi aitengeneze, amesema ataibeba mwenyewe.